Mtoto mwenye ADHD: mwongozo kamili wa kumfundisha adabu nyumbani, bila fimbo wala makelele

Wazazi wanaokuja kuniuliza juu ya mtoto asiyetulia huwa wameshajaribu mengi. Wamechapa, wamebembeleza, wameahidi baiskeli mwisho wa mwaka wa masomo. Wengine wamebandika ukutani karatasi ya kanuni kumi. Jumatatu mambo yanakwenda, Alhamisi karatasi imechanika na fimbo imerudi.

Karibu wote wanakwama mahali pamoja. Wanadhani mtoto haijui kanuni. Anaijua, muulize jioni akiwa ametulia, atakutajia zote na kuongeza za jirani. Shida ni kwamba kanuni haimjii akilini dakika ile anayoihitaji. Kwa hiyo kazi yote ya mwongozo huu ni moja: kuleta ukumbusho, sifa na adhabu karibu kabisa na tendo lenyewe, kwa mahali na kwa muda.

Nimeuandika kwa familia za Lubumbashi zenye mtoto wa miaka 4 hadi 12, zile zinazoishi watu wengi katika lupangu (uwanja wenye nyumba) moja, umeme ukija na kukatika.

## Vitu vya kutayarisha

- Vifuniko vya chupa kama thelathini. Vya Simba, vya soda, vyovyote. Vioshe tu vizuri. (Kama kuna mtoto wa chini ya miaka mitatu nyumbani, tumia vitu vikubwa zaidi, maana atavitia mdomoni.)
- Makopo mawili ya plastiki yanayoonyesha kilichomo ndani.
- Kipande cha kartoni na kalamu nene.
- Simu yenye kengele ya kuhesabu dakika. Ya kubonyeza inatosha.
- Stuli au mkeka mdogo.
- Daftari moja la kurasa chache, la kwenda na kurudi shuleni.
- Mtu mzima mmoja atakayesimamia mpango wote. Akikosekana huyu, hayo mengine hayana kazi.

## Kabla ya kuanza: hakikisha ni kitu gani

ADHD, ambayo madaktari wetu wataiandika TDAH kwenye karatasi ya hospitali, ni namna ubongo unavyokua, inayomfanya mtoto ashindwe kutulia au kukaza akili. Inarithiwa sana ndani ya familia. Haitokani na sukari wala malezi mabaya. Dalili zake huanza kabla ya miaka 12, hudumu miezi 6 au zaidi, na huonekana mahali zaidi ya pamoja. Mtoto anayesumbua kwa mwalimu mmoja tu, kisha nyumbani, kanisani na uwanjani yuko sawa, ana tatizo lingine.

Angalia kwanza haya:

Masikio na macho. Mtoto asiyesikia vizuri anaonekana mkaidi.

Usingizi na njaa. Anayelala saa tano usiku na kwenda darasani bila kula chochote hataweza kukaza akili, awe na ADHD au asiwe nayo.

Kifafa kisicho na kuanguka. Mtoto anaduwaa sekunde chache, haitiki hata ukimgusa, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kitu. Hilo ni la daktari, na haraka.

Lugha. Mtoto wa mwaka wa kwanza wa shule anayefundishwa Kifaransa kitupu huku nyumbani mnasema Kiswahili au Kiluba ataangalia dirishani. Nani asingeangalia?

Mshituko. Watoto waliokimbia vita vya Goma na Bukavu wakapokelewa na ndugu zao huku kwetu wanaweza kukosa utulivu, kushtuka na kusahau kama wale wa ADHD. Wanahitaji msaada wa aina nyingine.

Usiwasahau wasichana. Wengi wao hawakimbii wala kupanda miti. Wanakaa kimya, wanaota mchana, wanapoteza kalamu ya tatu ndani ya wiki moja, na wanaitwa wavivu.

Na jambo moja la kusema bila kuzunguka: mtoto huyu si mchawi. Kuna nyumba za maombi ambako mtoto asiyetulia anawekwa kwenye mfungo wa siku nyingi au anafungiwa chumbani. Sheria ya Kongo ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi. Omba naye upendavyo, lakini usimwache mtu yeyote amnyime chakula.

## Hatua ya 1: Wakubwa wakubaliane

Kaa na kila mtu mzima anayemwamuru mtoto huyu: baba, mama, bibi, shangazi, kaka mkubwa, dada wa kazi. Waeleze mpango kabla mtoto hajaambiwa chochote.

Sababu ni rahisi. Mama akikataa jambo na bibi akaliruhusu, mtoto wa kawaida anachanganyikiwa kidogo. Huyu anajifunza kwamba kulia zaidi ndiko kunakofungua mlango.

Bibi ndiye mgumu, na ana haki yake. Amelea watoto saba kwa fimbo na wote wamekuwa watu. Usibishane naye. Mwombe wiki tatu tu, na umpe kazi ya heshima: yeye ndiye atakayetunza kopo la vifuniko. Nimeona mabibi waliopinga kila kitu wakawa walinzi wakali wa kopo hilo kuliko mama mwenyewe.

Utajua hatua imekaa pale mtoto anapokimbilia kwa mtu wa pili kuomba kile alichonyimwa na wa kwanza, na kupata jibu lile lile kwa maneno yale yale.

## Hatua ya 2: Dakika kumi za mchezo kila siku

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, hasa akina baba. Usiiruke.

Kila siku, dakika kumi, mtu mzima mmoja na mtoto peke yake. Mtoto achague: mpira wa makaratasi, kuchora chini, kadi. Wewe usiamuru, usisahihishe, usimtahini juu ya masomo. Fuata tu na useme unachokiona: "Ah, umeweka kipa upande huu."

Mtoto huyu tangu asubuhi amesikia "acha", "kaa", "wewe tena!" Neno lako limeshapoteza uzito kwake. Dakika kumi hizi zinaurudisha, na bila uzito huo sifa zako katika hatua zijazo hazitakuwa na thamani.

Tahadhari: usizifute kama adhabu. Hata siku aliyovunja sahani, dakika kumi zake zipo.

Dalili ya mafanikio: siku moja utasahau, na yeye atakukumbusha.

## Hatua ya 3: Chagua tabia mbili tu

Andika yote yanayokuudhi. Kisha chagua mawili, ukianza na lenye hatari: kukimbia karibu na mbabula yenye makala ya moto, kuvuka barabara bila kuangalia, kumpiga mdogo wake. Kelele na uchafu wa nguo vitasubiri.

Yaandike kwenye kartoni kwa namna ya tendo la kufanya. "Usikimbie barabarani" inamwachia mtoto mambo mia ya kufanya badala yake. "Shika mkono wa mkubwa barabarani" inampa moja. Kama hajui kusoma, chora.

Bandika kartoni pale pale tendo linapotokea. Ya barabara ikae kwenye geti la lupangu, kwenye usawa wa macho ya mtoto. Ya mbabula ikae jikoni. Kartoni nzuri iliyobandikwa sebuleni inasomwa na wageni.

## Hatua ya 4: Namna ya kutoa agizo

Tazama jinsi inavyokuwa mara nyingi. Mama anasonga bukari, mgongo umemwelekea mtoto. Anapaza sauti: "Wewe, acha huo mpira, nenda ukaoge, halafu ulete bidoni la maji, na viatu vyako umeviacha wapi tena?" Mtoto amesikia "mpira" na "viatu". Anaanza kutafuta viatu, anakutana na paka, basi. Dakika kumi baadaye mama anafoka mara ya tatu, na mtoto anashangaa kweli kweli kwa nini anafokewa.

Sasa fanya hivi:

1. Punguza moto, acha mwiko, mwendee. Hatua tano tu.
2. Gusa bega lake na umwite jina. Usimlazimishe kukutazama machoni. Kwetu mtoto huinamisha macho mbele ya mkubwa, na ukimlazimisha atashughulika na macho badala ya agizo.
3. Sema jambo moja, kwa maneno machache: "Leta bidoni."
4. Mwambie arudie: "Nimesema nini?" Akilirudia kwa kinywa chake, linakaa.
5. Hesabu moyoni hadi tano. Usiongeze neno. Wengi tunaharibu hapa: tunarudia agizo kabla halijafika.
6. Anapoanza tu kunyanyuka, sifu tendo lenyewe: "Vizuri, umeinuka mara moja."

Agizo la pili litolewe baada ya la kwanza kukamilika. Na usiulize pale usipotaka jibu. "Unaweza kuleta bidoni?" ni swali, na "hapana" ni jibu lake halali.

Baada ya wiki moja hivi, maagizo mengi yanapaswa kutimizwa kwa kusemwa mara moja au mbili. Kama sivyo, kabla ya kumlaumu mtoto angalia kama bado unaamuru kutoka jikoni.

## Hatua ya 5: Vifuniko

Hapa ndipo mpango unasimama au unaanguka.

Ubongo wa mtoto mwenye ADHD unauona sana ujira wa sasa hivi, na ule wa mbali haumvuti. Baiskeli ya Julai, mwezi wa Novemba, haipo. Kifuniko kinacholia "tang!" ndani ya kopo sekunde hii kipo.

Weka makopo mawili mahali pa juu panapoonekana: moja la nyumba, limejaa, moja la mtoto, tupu. Kila anapofanya moja ya tabia mbili za kwenye kartoni, hamisha kifuniko mbele ya macho yake na useme sababu: "Umeshika mkono hadi ng'ambo. Kimoja." Usingoje jioni.

Kisha panga bei pamoja naye. Kwa mfano:

- Vifuniko 3: kuchagua wimbo wa kusikiliza, au kitumbula kimoja.
- Vifuniko 5: kalanga za mfuko mdogo, au robo saa zaidi kabla ya kulala.
- Vifuniko 10: kupiga mpira na baba jioni, au kukaa naye kusikiliza mechi ya Mazembe hadi mwisho.

Msisitizo uwe kwenye vitu visivyo vya pesa. Muda na baba ni bei kubwa kuliko unavyodhani. Anunue siku ile ile. Mwenye miaka 4 au 5 abadilishe hapo hapo. Akiba ya wiki nzima iwe kwa wale wa miaka 9 na kuendelea, na hata wao waanze na ya siku moja.

Siku ya kwanza lazima ashinde. Mtafute akifanya vizuri, hata nusu. Kama jioni ya kwanza kopo lake ni tupu, umeweka kiwango cha juu mno. Ukishushe kesho yake asubuhi.

Makosa yanayoua hatua hii ni haya. La kwanza ni kunyang'anya vifuniko alivyokwisha kupata. Alifanya kazi, alilipwa. Kosa la mchana halifuti wema wa asubuhi. Mnyang'anye mara mbili tu, atasema "sivitaki" na mpango umekufa. La pili ni kuwaacha ndugu zake nje. Watamchokoza makusudi, na nani atawalaumu? Kila mtoto apewe kopo na tabia yake moja ya kujifunza. La tatu ni kuacha bei zile zile mwezi mzima. Mtoto huyu anachoka haraka. Badilisha bei mbili au tatu kila baada ya wiki moja au mbili.

Utaambiwa unamhonga mtoto. Rushwa hutolewa ili mtu afanye baya, au hutolewa katikati ya kilio ili anyamaze. Hapa unamlipa baada ya kazi njema, kwa bei iliyojulikana tangu asubuhi. Tabia ikishakuwa mazoea, unaanza kutoa kifuniko mara moja moja, sifa zikibaki, na unaingiza tabia mpya kwenye kartoni.

## Hatua ya 6: Adhabu ndogo, ya haraka, inayojulikana

Usianze hatua hii kabla vifuniko havijazoeleka kwa wiki moja au mbili. Adhabu katika nyumba isiyo na sifa ni vita tu.

Kwanza tenganisha kusahau na kukataa. Aliyesahau bidoni njiani kwa sababu ya paka anakumbushwa. Aliyempiga mdogo wake au kukutukana anaadhibiwa. Ukiadhibu kusahau, unaadhibu ugonjwa.

Alichoharibu, atengeneze: amemwaga maji, apanguse; ametupa nguo, aziokote. Hiyo inatosha kwa makosa mengi.

Kwa kupiga na kuuma, tumia stuli ya kutulia. Dakika zilingane na umri: miaka 5, dakika 5, kengele ya simu ihesabu. Iwe mahali pa salama unapomwona. Sema sentensi moja, "Umempiga mdogo wako, stuli", kisha nyamaza. Kengele ikilia, adhabu imekwisha, hakuna hotuba. Kama alikuwa amekataa agizo, sasa alitekeleze. Kwa wakubwa wa miaka 9 na zaidi stuli inawaaibisha bila faida. Ondoa televisheni au mpira wa jioni ile moja tu.

Usimpigishe magoti juani. Usimnyime chakula. Usimfungie ndani.

Na fimbo? Inasimamisha tendo kwa dakika moja, na ndiyo maana tunaiamini. Lakini haimfundishi afanye nini mahali pake, na watoto wanaochapwa sana huelekea kuwa wakali zaidi kwa wenzao. Mtoto wa ADHD, kwa vile anakosea mara nyingi, ndiye anayechapwa kuliko wote nyumbani, na bado kesho anarudia.

Sasa sikiliza vizuri. Ukiacha kumpa anachokililia, siku za kwanza atalia zaidi. Atapiga mlango, atasema humpendi, majirani watachungulia juu ya ukuta. Wengi huacha mpango siku hizi, wakisema haufanyi kazi. Alikuwa akilia dakika tano anapata. Leo anajaribu dakika ishirini. Ukikubali kwenye ya kumi na tisa, umemfundisha kulia dakika kumi na tisa. Shika neno lako, kaa karibu, usijibu kilio. Kikipungua hata kidogo, msemeshe kwa upole.

## Hatua ya 7: Kazi za shule kabla giza halijaingia

Usingoje umeme. Akitoka shule, ale, acheze nusu saa, kisha kazi ianze mchana ungali mweupe. Kila siku mahali pale pale, mgongo ukielekea mlango.

Funika ukurasa kwa karatasi ili aone zoezi moja tu. Weka kengele ya dakika 10, kisha dakika 3 za kuruka, kisha 10 tena. Mwache asimame akiandika au atikise mguu; mwili ukitembea kidogo, akili yake hukaa vizuri zaidi. Mazoezi manne aliyoyaelewa yanashinda kumi yaliyoandikwa na dada yake.

## Hatua ya 8: Mwalimu

Tangu shule ya msingi ya serikali itangazwe kuwa bure mwaka 2019, madarasa mengi yamejaa kupita kiasi. Ukimwendea mwalimu wa darasa kama hilo na orodha ya mahitaji ya mtoto wako, atakuitikia kwa adabu na kusahau.

Nenda mwanzoni mwa muhula, wakati wa mapumziko, na uombe mambo mawili tu: mtoto akae mbele, mbali na mlango, na mwalimu aweke alama moja kwenye daftari kila siku, vema au duara, kwa tabia moja, kwa mfano "amemaliza kuandika kilichoko ubaoni". Sekunde tatu za kazi. Vema inageuka kifuniko nyumbani, jioni hiyo hiyo. Duara haina adhabu, vinginevyo daftari litapotea njiani.

Ongeza ombi lisilomgharimu mwalimu kitu: atakapohitaji mtu wa kufuta ubao au kupeleka chaki kwa direkteri, amtume huyu. Anaondoka kwenye benchi kihalali, na darasa linamwona akifanya jema.

## Mambo yakikwama

Rudi nyuma hatua moja, usiongeze adhabu. Mara nyingi kosa liko kwenye hatua ya 2 iliyoachwa, au kwenye bei zilizopitwa na wakati. Jitazame na wewe: kwa kuwa hali hii inarithiwa, baba anayetafuta funguo kila asubuhi huenda ndiye anayesahau kuhamisha vifuniko. Amwachie mwingine kazi hiyo, yeye achukue mpira wa jioni.

## Hospitali na dawa

Nenda kwa daktari kama mtoto anajiumiza, anaumiza wengine, anaduwaa kama nilivyoeleza, au kama mmefanya hatua hizi miezi miwili mitatu na shule bado inamshinda. Lubumbashi, anza na daktari wa watoto, kwa mfano hospitali ya Sendwe au kwenye kliniki za chuo kikuu. Kwa uchunguzi wa akili na mishipa ya fahamu kuna kituo cha Joseph Guislain. Beba bulteni za shule za miaka iliyopita, daftari la mwalimu, na karatasi uliyoandika: yalianza lini, yanatokea wapi, mtoto analala saa ngapi.

Kwa walio chini ya miaka 6, mafunzo kwa wazazi kama haya ndiyo yanayotangulia dawa. Kwa wakubwa, daktari anaweza kuandika dawa kama metilfenidati, ambayo huwasaidia watoto wengi kukaza akili lakini inaweza kupunguza hamu ya kula na kuchelewesha usingizi. Mlishe vizuri kabla ya kidonge cha asubuhi, na mpime uzito kila mwezi.

Usimpe sirapu ya kikohozi au ya mzio ili alale. Inamlegeza, haimtibu, na kipimo kikizidi ni hatari. Usinunue dawa ya ADHD kwa muuzaji wa barabarani, wala usigawe kidonge nusu kwa ushauri wa jirani. Akipungua uzito, moyo ukimwenda mbio au akianza kukesha, rudi kwa daktari aliyeiandika wiki ile ile.